Tone la Kuku, Sindano ya Mama

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kuniamini kwa jambo lolote isipokuwa kuku. Nilipoachika na kurudi Ulemo na mabegi yangu, aliniambia mbele ya majirani kwamba nyumba ya marehemu baba si stendi, watu hawashuki tu pale wanapotaka. Lakini yeye huyo huyo, aliyejenga Mandewa mjini na kuishi kwa kununua kuku wa kienyeji na kuwapeleka Dar es Salaam, alikuwa hanunui kuku wa kijiji chetu kabla hajanipigia simu kuuliza kama nimeshapita kuwachanja.

Kazi hiyo nilifundishwa na mtaalamu wa mifugo wa kata. Alitukusanya wanawake wachache kwenye ofisi ya kijiji, akatuonyesha namna ya kuchanja dhidi ya mdondo, ule ugonjwa unaoingia kijijini msimu wa kiangazi na kuacha mabanda matupu. Tone moja jichoni, unasubiri kuku apepese, unamwachia. Baada ya miezi mitatu unarudia. Inafanywa asubuhi na mapema, banda likiwa bado limefungwa, maana kuku wa kienyeji akishatoka humpati mpaka jioni, labda uwe na mbio za ujana.

Mtaalamu alitueleza kitu ambacho sijakisahau. Chanjo za zamani za mdondo zilitaka baridi njia nzima, na chupa moja ilitosha kuku wa shamba kubwa, si wa mama mwenye majike mawili na jogoo. Kisha wakatokea wataalamu waliokaa miaka wakitafuta kirusi kipole kinachovumilia joto, ili chanjo iweze kufika mahali pasipo na friji ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Nililipenda sana jambo hilo. Ina maana kuna mtu alikaa maabara, na koti lake jeupe, akaliwaza banda la mama yangu bila kuwahi kuliona.

Msimu wa kwanza kijiji kilinitia adabu. Watu walificha kuku wao wazuri majikoni na uvunguni mwa vitanda, wakaniletea wale waliokwisha kuanza kusinzia, mabawa yameshuka, kinyesi cha kijani. "Anza na hawa," waliniambia, "tuone kwanza." Niliwaeleza kwamba chanjo haimtibu mgonjwa, inamkinga mzima. Walinitazama kama mtu anayetafuta sababu ya kukwepa kazi. Wale kuku walikufa, kama walivyokuwa wanakufa tayari, na ikatangazwa mpaka kisimani kwamba yule mwanamke aliyeachika anaua kuku kwa matone. Ilichukua misimu kadhaa na mabanda mengi kufagiliwa na mdondo kabla hawajaanza kuniletea wazima.

Hayo ya kuku nimeyataja kwa sababu ya yaliyokuja kumpata mama.

Korona ilipofika, kwetu ilikuja kwanza kama ubishi. Redio ilisema hivi, kisha ikasema vile. Tulijifukiza majani chini ya blanketi mpaka macho yakawa mekundu, tukanywa tangawizi na malimao, tukaambiana ni homa ya kifua kama za miaka yote. Halafu rafiki wa mama, aliyekuwa akikaa naye benchi moja kwenye kwaya ya akina mama, akaugua. Mama alikwenda kumwangalia, akakaa naye siku nzima. Aliniambia baadaye kwamba hajaogopa kifo tangu alipomzaa kaka, lakini hakujua kama mtu anaweza kuitafuta pumzi namna ile, akiwa amekaa kitandani, madirisha yote wazi, upepo wote wa Iramba unapita na yeye haupati.

Mama alikuwa na kisukari, na presha juu yake. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba chanjo imeletwa na itatolewa kwenye zahanati, hakusubiri nimshawishi. Aliniuliza tu inatolewa siku gani. Nilimwambia. Akasema vizuri, gauni lake la kitenge lenye mikono mipana ndilo litafaa, halitampa shida kulikunja.

Alikosea kumwambia kaka. Au hakukosea, alikuwa anamheshimu mtoto wake wa kwanza. Kaka alimkataza kwenye simu kwa sauti ambayo niliisikia nikiwa uani. Simu yake ilikuwa imejaa video. Kuna mwanamume mmoja aliyebandika kijiko begani kikanasa, akasema ni sumaku ya chanjo. Kuna daktari wa nchi ambayo hata yeye hakuijua, anayesema waliochanjwa hawatamaliza miaka miwili. Na lile swali alilolirudia mpaka likachuja: imetengenezwaje haraka hivyo? Ukimwi tumeisubiri chanjo yake tangu tukiwa watoto, hii imepatikanaje mara moja?

Swali lenyewe halikuwa la kijinga. Nililibeba kwa mtaalamu wa mifugo, maana ndiye niliyekuwa na namba yake. Alicheka kwanza, akaniambia yeye ni wa ng'ombe na kuku, si wa binadamu. Halafu akanipa jibu ambalo nalitumia mpaka leo. Akasema kuku wana korona yao, ya kifua, si hii ya watu lakini ni ya ukoo huo, na chanjo yake ipo tangu kabla mimi sijazaliwa. Wale kuku wa kisasa wa mayai wanapewa. Akasema hata hii ya watu, wenye maabara hawakuamka asubuhi moja wakaanza na meza tupu. Virusi vingine vya ukoo huo vilishawahi kusumbua watu nchi za mbali, vikachunguzwa miaka mingi, na njia za kutengenezea chanjo zilikuwa zimeshasafishwa zikingoja kazi. "Ni kama mtu amekwisha lima, amekwisha panda na kupalilia, wewe umemkuta siku ya kuvuna," aliniambia. "Unashangaa kavuna kwa siku moja."

Nilimpigia kaka nikamweleza yote hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo nalikiri. Kisha akasema, "Mama si kuku."

Hapo ndipo alipotoa mpango wake. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa akiishi peke yake ng'ambo ya bonde. Hakuwa na mke wala mtoto, na hakuwa na neno la kukataa mtu aliyemletea sukari na sabuni. Kaka akasema, basi aanze baba mdogo. Tuone kwanza.

Maneno yale yale, "tuone kwanza", na nilijua yanafuatwa na nini. Nilikwenda kwa baba mdogo, nikamkuta amejifunika koti juani, anakohoa kikohozi cha chini kisichotoka. Nikamwambia asiende, akapime kwanza, apumzike. Akaniambia kaka yako amesema. Siku ya chanjo kaka alikuja na pikipiki, akampakia, akamfundisha njiani cha kujibu. Muuguzi alipomuuliza kama ana homa au kikohozi, mzee wa watu akasema hana. Kaka alikuwa amempa paracetamol asubuhi ile ili asichemke.

Kabla ya wiki kwisha tulimzika baba mdogo.

Hakuna aliyempima, kwa hiyo sitasema nisichokijua. Lakini nilimwona kabla ya sindano na macho yangu ninayaamini. Walikuwa wamechagua aliyekwisha kuanza kusinzia, wakaficha wazima uvunguni, na sasa walikuwa wanahesabu kifo chake kama jibu.

Kikao cha familia kilifanyika baada ya matanga. Wanaume walikaa kwenye viti, sisi kwenye mikeka karibu na jiko. Kaka alisimama akatamka kwamba katika ukoo wetu hakuna atakayechanjwa tena kile kitu, na kwamba mama, kwa kuwa ni mjane, maamuzi juu ya mwili wake yapo kwa wanawe wa kiume. Alisema hivyo hivyo, "juu ya mwili wake". Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, anachambua mchele, na vidole vyake vilisimama.

Nilinyanyuka. Nilijua hasira yangu inaniharibia maneno, lakini ningekaa ningepasuka. Nikamwambia kaka kwamba baba mdogo alipelekwa akiwa mgonjwa, na aliyempeleka alijua. Nikamwambia kuku wote anaowapakia kwenye basi wanafika Dar wakiwa hai kwa sababu ya tone la mkono wangu, na tangu aanze biashara hajawahi kuniuliza lile tone limetengenezwa wapi, na nani, kwa haraka au kwa polepole.

"Kaa chini," akasema kaka.

"Sikai."

"Wewe umeolewa ukashindwa. Leo unataka kututawala sisi?"

Mjomba mmoja alicheka. Sikukaa. Nilikuwa na uchungu ambao siwezi kuupamba. Nilimchukia kaka siku ile, na zaidi nilimchukia yule mjomba aliyecheka. Kikao kikafungwa kwa sala kana kwamba kuna kitu kimekubaliwa.

Jioni mama alinikuta nikifunga banda, nikipiga komeo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniuliza, "Kuku uliwauliza kama wanataka?"

Nikasema hapana, mama, kuku hawaulizwi.

"Basi kaka yako amesema kweli, mimi si kuku. Mimi naulizwa. Niulize."

Nikamuuliza. Akajibu, "Nataka."

Tulikwenda safari iliyofuata ya wachanjaji, asubuhi ya kawaida kabisa, tukapita kwenye barabara kuu ya kijiji mchana kweupe. Ningeweza kumpitisha njia ya nyuma ya mashamba ya alizeti, lakini mama alikataa. Alisema haendi kuiba. Alisalimiwa shikamoo njia nzima, na kila aliyeuliza tunakwenda wapi alimjibu wazi, "Kuchanjwa korona." Wengine waliguna. Mmoja alimshika mkono akamwambia mama, fikiria wajukuu. Mama akamwambia ndio anaowafikiria.

Habari ilimfikia kaka kabla hatujafika mbele ya foleni. Simu yangu ikaita. Sikupokea. Ikaita ya muuguzi. Muuguzi, dada mmoja mpole mwenye sauti ya baridi, alisikiliza, akasema "nimekuelewa baba", kisha akamtazama mama, akamwambia, "Bibi, mwanao anakataza. Kwangu mimi neno ni lako. Unasemaje?" Mama akanyoosha mkono apewe simu. Hakujua kuipunguza sauti, kwa hiyo foleni nzima tulimsikia kaka akifoka kwamba yeye ndiye mkuu wa familia ile.

Mama alimwacha amalize. Hata akamsubiri avute pumzi. Kisha akamwambia, bila kupandisha sauti, "Mwanangu, baba yako alipofariki ulirithi shamba. Mimi hukunirithi."

Akamrudishia muuguzi simu yake, akakaa kwenye kiti, akaupandisha mkono wa gauni mwenyewe. Muuguzi akamuuliza kuhusu homa, kikohozi, dawa anazotumia. Alijibu moja moja na yote yalikuwa kweli. Sindano ikaingia na kutoka. Mama akauliza, "Tayari?" kwa namna ambayo watu kwenye foleni walicheka, na mimi nilicheka nao huku machozi yakinitoka, maana hofu niliyokuwa nayo nilikuwa nimeificha hata mwenyewe nisiione.

Kesho yake homa ikampanda. Muuguzi alikuwa ametuambia itawezekana, na mimi nilikuwa nimewaambia wenye kuku maneno kama hayo mara nyingi: atazubaa kidogo, mpe maji. Lakini nilipomgusa mama paji la uso, elimu yote iliniruka. Niliona jeneza la baba mdogo. Niliona kaka akiingia uani bila hata kubisha hodi. Nilimwambia Mungu kwa hasira, si kwa unyenyekevu, kwamba akimchukua mama wiki hii atakuwa amewapa wapumbavu ushindi, na asithubutu. Kama ni dhambi nitaijibia huko.

Siku iliyofuata mama aliamka, akalalamika kwamba mkono unamuuma na kwamba uji nimeukoroga vibaya. Baada ya hapo akachukua jembe la mkono akaenda kupalilia mtama nyuma ya nyumba. Akina mama wa kwaya walikuja kumtazama, wakajifanya wamekuja kuazima ungo. Walimzunguka, wakamuuliza, wakamgusa bega kutafuta ile sumaku. Mmoja wao kweli alikuja na kijiko. Mama akakibandika begani, kikaanguka mavumbini, wakacheka mpaka wakakaa chini. Wachanjaji waliporudi, niliwasindikiza wale mama karibu wote, tumeandamana barabarani kwa vitenge vyao vya kwaya, wazima, kabla ya ugonjwa kuwafikia, kama inavyotakiwa.

Kaka hakukanyaga nyumbani mpaka mavuno. Alipokuja, alileta mchele. Mama alimpokea kama mwanawe, akamchinjia kuku, na firigisi akampa yeye, kama ilivyo desturi kumpa mwanaume mkubwa wa nyumba. Nilikasirika kwamba amempa. Mama akaniambia, "Firigisi ni yake. Mkono wangu ni wangu. Wewe unachanganya."

Aliishi baada ya hapo. Alilima misimu mingine, akaozesha mjukuu, akaimba kwenye sikukuu zote mpaka miguu ilipoanza kuvimba. Mwisho figo zilichoka, kama zinavyochoka kwa watu wengi wenye kisukari cha muda mrefu. Tulihangaika naye hospitali ya mkoa, daktari akatueleza wote, na kaka alikuwepo, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Mama akafariki akiwa amelala, asubuhi, mimi nimemshika mguu.

Kwetu, kabla ya mwili kushushwa kaburini husomwa historia ya marehemu. Kaka aliandika, kwa kuwa ni mkubwa. Nikapewa mimi nisome, kwa kuwa kanisani huwa nasoma masomo na sauti yangu inafika. Asubuhi ya maziko niliipitia ile karatasi nikakuta mstari unaosema afya ya mama ilianza kudhoofika baada ya kuchanjwa chanjo ya korona. Nilimfuata kaka nyuma ya turubai nikamwomba aufute. Nilimwomba, sikumfokea.

"Soma kilichoandikwa," akasema. "Hapa ni msibani, si zahanati."

Nilisimama pembeni ya kaburi. Umati ulikuwa mkubwa, wengine wamekaa juu ya ukuta wa uzio wa kanisa. Nilisoma alikozaliwa, alivyobatizwa, alivyoolewa, watoto aliowazaa na aliowazika. Nikaufikia ule mstari. Nilimwona kaka ananitazama. Nikafikiri, wakimzika na hili watamzika akiwa amechukuliwa kile kitu kimoja alichowaambia kwamba ni chake.

Nikainua macho kwenye karatasi nikasema: "Marehemu alichanjwa chanjo ya korona kwa hiari yake mwenyewe. Aliulizwa, akajibu nataka. Aliupandisha mkono wa gauni yeye mwenyewe. Baada ya hapo alilima, aliozesha, aliimba. Amefariki kwa kisukari alichokuwa nacho tangu zamani."

Kaka akaja, akanyoosha mkono kutaka karatasi. Nikampa. Sikuihitaji tena, mama yangu namjua kwa kichwa. Nikaendelea na wajukuu, na vitukuu, na namna alivyopenda mlenda wenye karanga nyingi, na kaka amesimama kando yangu ameshika karatasi yake, mchungaji anatazama viatu. Mjomba yule yule aliyecheka kikaoni akasema kwa sauti ya kusikika kwamba haya sasa ni matusi kwa marehemu.

Ndipo kutoka kwenye mikeka ya akina mama, mmoja wa wale wazee wa kwaya akashika bega la mwenzake, akanyanyuka taratibu. Alisema kwa Kinyiramba, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na wageni waelewe: "Na mimi nilichanjwa. Niliulizwa nikakubali. Siku yangu ikifika, mnisomee hivyo hivyo."

Akasimama wa pili. "Na mimi."

Mchungaji alikohoa, akataka tuanze wimbo. Hatukuanza, tukawasubiri wote wamalize kusema.